Filme za vijana: nani aliwasikiliza kwanza?

Jioni inapofika katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Bunia mpaka Uvira, jambo moja linafanana karibu katika kila nyumba yenye umeme au betri ya jua. Wakubwa wanasikiliza habari za vita kwenye redio. Vijana wamekaa pembeni, vichwa vimeinama juu ya telefoni moja. Mmoja alinunua mega, wengine watatu wanachungulia. Wanaangalia seri, yaani filme za mfululizo: za Nigeria, za Korea, za India, za Ufaransa, za Marekani, nyingine zikiwa na msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji. Nyingi zinahusu vijana wa umri wao: shule, mapenzi, urafiki, wazazi wasioelewa.

Wazazi wanatuuliza mara kwa mara: je, filme hizi zinaharibu watoto wetu? Tuzikataze? Ulizo hilo ni la haki na hatulidharau. Lakini tangu mwaka 2025 kuna ulizo lingine linalozungumzwa katika nchi nyingi, hata ndani ya serikali na mashule, na tunaona kwamba linatugusa kwa karibu zaidi. Filme ikisema kwamba inaonyesha maisha ya vijana, je, inayaonyesha kweli? Na wale walioitengeneza walijuaje? Tumelifuatilia ulizo hilo, na limetufikisha mahali ambapo hatukutazamia: kwenye michezo ambayo vijana wetu wanacheza mbele ya kanisa.

Mtoto aliyekuwa chumbani mwake

Tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2025, kampuni ya Netflix ilitoa mfululizo wa Uingereza unaoitwa Adolescence, yaani umri ule wa kuvuka kutoka utoto kwenda utu uzima. Una sehemu nne tu. Walioandika ni Jack Thorne na Stephen Graham, na Graham mwenyewe anacheza kama baba. Sehemu ya kwanza inaanza asubuhi mapema: polisi wanavunja mlango wa nyumba ya fundi wa mabomba ya maji na kumkamata mtoto wake, Jamie, mwenye miaka 13. Anashtakiwa kwamba amemuua kwa kisu msichana wa shule yake anayeitwa Katie.

Mtazamaji anangoja kuambiwa kwamba polisi wamekosea nyumba. Hawakukosea. Mwisho wa sehemu hiyo wanamwonyesha baba picha za kamera ya usalama, na baba anaona kwa macho yake. Kutoka hapo filme haiulizi tena nani aliua. Inauliza jambo gumu zaidi: mtoto wa familia ya kawaida, mwenye baba anayefanya kazi kwa bidii na ambaye aliapa hatawapiga watoto wake jinsi yeye alivyopigwa, alifikaje hapo?

Kila sehemu ilipigwa kwa mara moja, kamera ikitembea karibu saa nzima bila kukatwa. Kwa hiyo mtazamaji hapati nafasi ya kupumua. Anaingia na familia katika kituo cha polisi, anangoja pamoja nao, anasikia milango ikifungwa. 

Kuna tukio moja katika sehemu ya pili ambalo kila mzazi na kila mchungaji angepaswa kuliona. Mkubwa wa upelelezi, Bascombe, anaenda shuleni kutafuta sababu ya mauaji. Amekwisha kusoma maneno ambayo Katie alimwandikia Jamie kwenye Instagram, na kwa sababu yalikuwa na alama ndogo za picha, mioyo na vitu kama hivyo, alifikiri kwamba watoto hao walikuwa marafiki. Mtoto wake mwenyewe anasoma katika shule hiyo. Kijana anamvuta baba pembeni, kwa haya, kwa sababu anaona baba anajiaibisha mbele ya wanafunzi wote. Anamweleza kwamba alama zile hazikuwa za urafiki. Zilikuwa matusi. Zilisema kwamba Jamie ni mmoja wa wale wavulana ambao hakuna msichana atakayewataka maisha yao yote. Nyuma ya alama hizo kuna mafundisho ya wanaume wenye hasira kwenye intaneti, wanaowafundisha wavulana kwamba mwanamke ni adui.

Bascombe alikuwa na cheo, na barua ya kibali, na karatasi zote za ushahidi. Alichokosa ni mtoto wa kumsomea. Na mtoto huyo alikuwa anakula naye meza moja kila siku.

Sehemu ya mwisho inatuonyesha wazazi, miezi 13 baada ya mauaji, wameketi kitandani wakihesabu makosa yao. Mtoto alikuwa akitoka shule anapanda chumbani, anafunga mlango, na taa inabaki inawaka usiku sana. Wao walifurahi: hayuko barabarani, hayuko na wahuni, yuko chumbani, yuko salama. Ni wazazi wangapi kati yetu wanasema maneno hayo hayo leo juu ya telefoni?

Filme hiyo ilisumbua watu. Waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alisema aliiangalia pamoja na watoto wake, na akaunga mkono mpango wa kuionyesha bure katika shule za sekondari. Mwezi wa tisa mwaka huo huo, Owen Cooper, aliyecheza kama Jamie na ambaye hakuwa amecheza filme yoyote mbele yake, alipewa tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Hakuna mwanaume mdogo kuliko yeye aliyekwisha kupata tuzo hiyo kwa uchezaji.

Hata hivyo si wote waliosifu. Wengine walisema: tumeona machozi ya mwuaji na ya baba yake, lakini Katie ni nani? Hatumwoni nyumbani kwake, hatumwoni mama yake. Neno hilo ni la kweli, na waandishi walilijua, kwa maana ndani ya filme mpelelezi mwanamke analalamika kwamba watu watamkumbuka Jamie na kumsahau Katie. Kulisema si sawa na kulitengeneza. Tulishike neno hili, tutalirudia.

Walivyofanya wengine

Waandishi wa filme hizi ni wakubwa, wengi wana miaka 40 au 50. Walijuaje maneno ya watoto wa miaka 13? Hapo ndipo kuna tofauti kati ya filme na filme.

Katika Norvege, televisheni ya taifa iitwayo NRK iliona kwamba wasichana wa miaka 16 wameiacha. Wanaangalia filme za nje tu. Ikampa kazi mwanamke anayeitwa Julie Andem. Yeye na wenzake hawakuanza kuandika. Walianza kuwatembelea vijana: walifanya nao mazungumzo marefu, mmoja mmoja, walienda mashuleni, walisoma mambo vijana wanayoandika kwenye mitandao. Kisha tu ndipo wakatengeneza mfululizo ulioitwa Skam, maana yake aibu. Waliocheza walikuwa vijana wenyewe, wasiojulikana. Mfululizo huo ulimalizika mwaka 2017, lakini ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka, na Wafaransa, Wajerumani, Waitalia na wengine wakatengeneza wa kwao kwa mfano huo.

Kwetu sisi watu wa kanisa kuna jambo moja ndani ya Skam la kuangalia kwa makini. Sehemu yake ya nne inamfuata Sana, msichana Mwislamu anayejifunika kichwa na kusali. Katika filme nyingi za vijana, kijana mwenye imani ni wa kuchekwa, ama ni mnafiki, ama mwisho wake ni kuiacha imani ndipo awe huru. Sana hakuonyeshwa hivyo. Anapenda, anakosa, anakasirika, anafanya ubaya kwa rafiki na kutubu, na bado anasali. Wale waliowasikiliza vijana waligundua kwamba wengine wao wanasali kweli. Waandishi wengi hawajui hilo kwa sababu hawakuuliza.

Afrika vilevile imefanya. Mwaka 2009, katika Kenya, ulianza mfululizo wa MTV Shuga, uliotengenezwa ili kuzungumza na vijana juu ya mapenzi na ugonjwa wa UKIMWI, ule tunaouita SIDA. Mmoja wa wachezaji wa kwanza alikuwa Lupita Nyong'o, mbele ya kujulikana duniani. Baadaye mfululizo ulihamia Nigeria, Afrika ya Kusini na Côte d'Ivoire. Wataalamu wa uchumi walitaka kujua kama kuna matunda. Walichukua vijana 5,000 hivi wa kusini-magharibi mwa Nigeria, wenye miaka 18 mpaka 25; wengine wakaonyeshwa Shuga, wengine filme nyingine isiyo na mafundisho hayo. Miezi kadhaa baadaye, wale walioona Shuga walikuwa wamekwenda kupimwa virusi karibu mara mbili kuliko wenzao. Tena kati ya wasichana walioiona, ugonjwa mmoja wa zinaa, klamidia, ulipungua zaidi ya nusu. Kwa miaka mingi mashirika yalibandika mabango ukutani kuwaambia vijana wakapime. Hapa hadithi ya vijana wanaofanana nao iliwafikisha kwenye kituo cha kupimia.

Mbona basi tuogope?

Tusidanganyane. Kuna sababu ya kuogopa, na mfano wake ni wa hapa hapa Afrika. Mwaka 1999 televisheni ya taifa ya Afrika ya Kusini, pamoja na wizara ya elimu, ilianza kuonyesha Yizo Yizo. Ilikuwa hadithi ya shule ya sekondari katika mtaa wa watu weusi. Watengenezaji walifanya uchunguzi mashuleni kwanza, na walionyesha waliyoyakuta: madawa ya kulevya, magenge, wasichana kubakwa, mwalimu mkuu anayejua fimbo tu. Nchi nzima ilitazama. Wengine walishukuru kwamba hatimaye mtu amesema mambo yanayofanyika. Wengine walilia kwamba vijana wanaanza kumwiga mkubwa wa wahuni katika hadithi, aliyeitwa Papa Action. Mwaka 2001, sehemu ya pili ilipoonyesha ubakaji wa mwanaume gerezani, mambo yalifika mpaka bungeni, na kuna waliotaka filme izuiwe.

Pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo. Ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Lakini kamera ikimfuata mhuni kila mahali, ikimpa maneno ya kuchekesha na nguo nzuri, basi mtoto aliyeketi mbele ya tele anajifunza kwamba mhuni ndiye mwenye maisha. Kuonyesha uchafu mwingi hakuifanyi filme kuwa ya kweli. Inakuwa ya kweli ikifuata jambo mpaka mwisho wake: nani aliumia, nani alilipa, nani alinyamaza.

Na kuna uongo wa namna nyingine, usio na damu, unaopita kimya. Katika filme nyingi za Marekani, mwanafunzi wa sekondari anachezwa na mtu mzima. Zendaya, aliyecheza kama mwanafunzi katika Euphoria mwaka 2019, alikuwa na miaka 22 wakati ilipoanza kuonyeshwa. Ni mchezaji hodari, na hatumlaumu. Lakini msichana wetu wa miaka 15 anaangalia mwili wa mtu mzima, uso uliopakwa na mafundi, anaambiwa: huyu ni wa umri wako. Kisha anajitazama kwenye kioo. Vijana hawasemi jambo hili mbele ya wazazi, lakini waulize wanaofanya kazi na wasichana katika makusanyiko yetu, watakuambia kuna binti asiyetaka tena kusimama mbele katika korali, na hakuna anayejua sababu.

Na sisi, tunaonyesha nini?

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu wa mbali, na ni rahisi. Sasa tuje nyumbani.

Sisi pia tunatengeneza hadithi za vijana. Kila mwaka, kwenye siku kuu ya vijana, kwenye Noeli, kwenye semina za likizo, vijana wetu wanacheza mchezo mbele ya kanisa. Wasomaji wengi wanaujua mchezo wenyewe bila sisi kuusimulia. Msichana anakataa shauri la mama. Anavaa vibaya, anafuata marafiki wabaya. Anakutana na kijana mwenye telefoni kubwa. Anapata mimba, anafukuzwa nyumbani, anaugua. Katika michezo mingine anakufa, katika mingine anarudi kutubu, mchungaji anamwekea mikono, korali inaimba, watu wanapiga makofi.

Katika kusanyiko moja tulilolitembelea, mchezo kama huo ulipokwisha, kiongozi aliuliza kama kuna mwenye neno. Msichana mmoja wa miaka 14 hivi, wa nyuma kabisa, alisimama akauliza: "Samahani Papa Pasta, ule kijana aliyempa mimba, yeye alienda wapi?"

Watu walicheka. Pasta pia alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu hakukuwa na jibu. Katika mchezo mzima kijana huyo alikuwa na maneno matatu au manne. Baada ya mimba, hakuonekana tena. Hakutubu, hakuadhibiwa, hakutafutwa. Wazee waliotunga mchezo hawakumhitaji tena. Yule msichana aliona kwa ulizo moja jambo ambalo wakubwa 200 hawakuliona: tulikuwa tumeandika hadithi ambamo msichana peke yake ana dhambi.

Biblia haikuandika hivyo. Katika 2 Samueli sura ya 13 tunasoma habari za Tamari, binti wa mfalme. Aliyemharibu anatajwa kwa jina, naye ni ndugu yake. Hila yake inaelezwa hatua kwa hatua. Rafiki aliyempa shauri baya anatajwa. Baba aliyekasirika na asifanye kitu anaonekana, ijapokuwa ni Daudi mwenyewe. Ndugu mwingine anayemwambia dada yake anyamaze anaonekana pia, na damu iliyomwagika miaka miwili baadaye. Wengi wetu hatujasikia sura hiyo ikihubiriwa hata mara moja. Basi tukisema filme za dunia zinaficha ukweli kwa watoto wetu, tujiulize sisi tunaficha nini.

Kijana wa Kivu anaonyeshwa na nani?

Kuna upungufu mwingine. Kijana wa Oslo anajiona kwenye tele. Kijana wa Lagos anajiona. Kijana wa Goma, wa Bukavu, wa Beni, anaonyeshwa lini? Tangu Goma na Bukavu kuingia katika mapigano ya mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, kamera za dunia zimekuja. Zinamwonyesha kijana wetu akikimbia na godoro kichwani, ama akibeba bunduki, ama akilala hospitalini. Mambo hayo ni ya kweli, lakini maisha yake hayaishii hapo. Hakuna anayemwonyesha siku ya kesho yake, anapotafuta maji.

Tuchukue siku moja tu ya msichana wa miaka 16, kama tunavyoziona siku hizo kila mahali. Anaamka gizani na bidoni, anapanga mstari kwenye bomba. Anaangalia wanaume wanaosimama karibu, anajua ni yupi wa kuepuka. Anaenda shule na hofu ya kufukuzwa kwa ajili ya minervali. Katika darasa kuna kiti kitupu cha mvulana aliyekwenda porini. Hakuna anayetaja jina lake. Wakati wa mapumziko wanacheka mpaka machozi, kwa sababu wao ni watoto, wanaiga sauti ya prefe. Kuna mtu mzima anayemtumia mega kila juma bila kumwomba kitu, bado. Jioni ana mazoezi ya korali, na kuna mvulana wa sauti ya tenori anayempenda. Usiku risasi zinalia mbali, mama anasali kwa sauti, na yeye chini ya blanketi anamwandikia rafiki yake ujumbe juu ya mvulana wa tenori.

Hiyo ni hadithi ya kweli, yenye vita ndani yake, na njaa, na hatari, na pia kicheko na upendo wa kwanza. Yeyote atakayeiandika na kuacha vita atasema uongo. Atakayeandika vita tu na kuacha tenori atasema uongo vilevile.

Wala tusiseme kwamba hatuna watu wa kuifanya. Mwaka 2012, Rachel Mwanza, msichana wa Kinshasa aliyekuwa ameishi barabarani, alicheza kama mtoto askari katika filme ya Rebelle ya mwongozaji wa Kanada, Kim Nguyen, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Mjini Goma, kituo cha Yole!Africa kimewafundisha vijana kushika kamera tangu miaka ya 2000, na vijana hao wametengeneza filme zao wenyewe katika mji uliofunikwa na lava na kuzungukwa na vita. Na kamera nzuri si lazima. Mchezo wa redio unahitaji sauti na hadithi tu, na redio inafika Walikale, Shabunda na Fizi, hata mahali ambapo intaneti haifiki.

Kazi iliyo mbele yetu

Turudi kwenye ulizo la wazazi: tukataze? Mtoto mdogo asiangalie mambo ya watu wazima, hapo hatuna mabishano. Mzazi ana mamlaka, na ayatumie. Lakini kwa kijana wa miaka 14 au 17, kukataza peke yake kunamfundisha kuangalia kwa siri, na siri ndiyo ile iliyowapoteza wazazi wa Jamie. Tunaona njia tatu ambazo kusanyiko lolote linaweza kuzianza bila pesa nyingi.

Ya kwanza, kuangalia pamoja. Mara moja kwa mwezi, mzazi amwombe kijana wake amwonyeshe sehemu moja ya seri anayoipenda. Asihubiri wakati filme inaenda. Ikiisha aulize mambo matatu tu: nani katika hadithi hii anafanana na watu unaowajua? Nani aliumia na hatukumwona tena? Wangekuuliza wewe kwanza, ungewaambia wabadilishe nini? Kisha anyamaze asikilize, hata kama jibu linamchoma.

Ya pili, kuwapa vijana kalamu. Mchezo wa siku kuu ya vijana utungwe na vijana, wasichana kwa wavulana, na wazee wasome baada ya kuandikwa, si mbele. Wakubwa wengine wataogopa kwamba vijana wataandika mambo ya aibu. Inawezekana. Wanaweza kuandika juu ya mwalimu anayeuza maksi, juu ya mtoto aliyeitwa mchawi na kufukuzwa kwa neno la mtu wa maombi, juu ya mzee mmoja wa kanisa. Lakini mambo hayo, kama yapo, wao wanayajua tayari. Sisi tu ndio hatujaambiwa. Na jambo zito likitokea ndani ya mchezo, kiongozi asilichukue kama mchezo: amtafute kijana kwa siri, pamoja na mama anayeaminiwa, aulize kama kuna aliye hatarini sasa.

Ya tatu ni ya wachungaji na waalimu wa ECODIM. Tusikilize mbele ya kuandaa semina. Juma moja la kukaa na vijana bila daftari la mafundisho, kwa maulizo tu, lingebadilisha semina nyingi ambazo tumeziandaa kwa miaka kwa karatasi zile zile. Julie Andem na wenzake walifanya hivyo ili kutengeneza burudani ya televisheni. Sisi tunasema tumewekwa kulinda roho za watoto hao.

Tulipoagana na kusanyiko lile, tulisikia kwamba viongozi wa vijana wamepanga kuucheza mchezo tena, na safari hii wamempa yule msichana wa nyuma kazi ya kuandika sehemu ya kijana aliyepotea. Alikuwa ameanza. Aliandika kwamba kijana alikwenda kwa mjomba wake katika mji mwingine, anasoma, na kila siku ya Mungu anaimba katika korali ya huko. Viongozi walimwambia kwamba mwisho huo si mzuri kwa kanisa. Aliwajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa.